Neno la Kushusha

Injini ya treni ndogo ya bustani ya michezo ilianza kulalamika asubuhi moja wakati haikuwa imebeba mtu. Mama Chiriku alikuwa kwenye dirisha la tiketi akifuta kioo, na aliisikia vizuri, maana ameisikia tangu hajang'oa meno ya utoto. Injini ile ikitoka handakini mabehewa yakiwa matupu, huja ikiimba hadi stesheni. Siku hiyo ilihema. Ilipanda kile kimwinuko cha nyuma ya nyumba, ambacho hata kuku hawezi kukiita mlima, kama mzee aliyetwishwa gunia la mkaa, na ilipofika mbele ya stesheni ikatulia kwa kishindo ambacho treni tupu haina sababu ya kukitoa.

Aliyekuwa akiiendesha ni mdogo wake, ambaye dunia nzima ilimwita Spana kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila spana mfukoni, hata siku ya harusi yake mwenyewe. Alishuka, akainama, akazigusa springi za behewa la mwisho. Zilikuwa zimelala chini kabisa. Alisema labda breki zinakamata, akazifungua akazikagua, akakuta ziko huru kama za jana.

"Basi ni uzee, Dada," alisema. "Hata mimi nikifika umri wake nitahema."

Wakacheka, yakaisha. Ndivyo tulivyo binadamu, jambo tusilolijua tunalivika jina la jambo tunalolijua, halafu tunakwenda kunywa chai.

Bustani ile ya michezo ilikuwa ya familia. Baba yao aliinunua michezo yake ikiwa mikuukuu tayari, kutoka bustani za watu wengine zilizokufa. Kulikuwa na farasi wa mbao wa kuzunguka, waliopakwa rangi juu ya rangi hadi wakanenepa. Kulikuwa na viti vya minyororo vya kupaa, vinavyolia kwi kwi kwi mpaka unaomba vishuke. Na kulikuwa na treni, fahari ya mzee, ambayo reli yake aliilaza kwa mikono yake kuuzunguka uwanja wote. Ilipita nyuma ya nyumba yao, ikaingia handaki la mawe chini ya kilima cha nyasi, ikatokea upande wa pili. Handaki lilikuwepo kabla ya reli. Nani alilijenga, mzee hakusema, na watoto wake hawakuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini wengi wetu hulikumbuka neno hilo tukishachelewa.

Mzee alikuwa na desturi zake. Kila safari, yeye ndiye aliyeita abiria: "Karibuni wote. Pandeni. Nafasi ipo." Na jioni, lango likishafungwa na uwanja ukiwa hauna mtu, alipita kwenye mabehewa matupu, akakifungua kila kilango kwa mkono wake, akavua kofia na kusema kwa adabu, kama mtu anayeaga wakwe, "Tumefika. Shukeni, kila mmoja aende kwao." Kisha alisimama kidogo, akiangalia upande wa handaki, ndipo akafunga vilango na kuiingiza treni bandani. Watoto wake walikua wakiona hivyo. Walidhani ni mchezo wa mtu anayependa treni kupita kiasi. Spana alizoea kumtania: Baba, kuna mmoja umemsahau, anasinzia huku nyuma. Kwa utani huo mzee hakucheka hata siku moja, naye ni mtu aliyecheka hata msibani.

Koo lilipoanza kumsumbua, Mama Chiriku alimrekodi kwenye kaseti yale maneno ya kukaribisha, ili spika iyaseme badala yake. Mzee alikubali. Binti alipotaka arekodi na yale ya kushusha, akakataa. Kushusha ni kwa mdomo, alisema, tena mdomo wa yule yule aliyepandisha. Akaendelea na chai yake, na maneno yakafia hapo.

Kisha kiharusi kikamwangusha. Mkono mmoja ukafa, mguu mmoja ukafa, na ulimi ukalala kinywani kama kitu cha mtu mwingine. Wanawe walimweka barazani kwenye kiti cha magurudumu, mahali anapoiona stesheni, ili asihisi upweke. Bustani ikafunguliwa tena, na kila safari spika ikaita kwa sauti yake ya siku za afya: karibuni wote, pandeni, nafasi ipo. Mzee akiisikia, alikipiga kiti kwa kiganja chake kizima, tena na tena, machozi yakimtiririka. Wanawe waliguswa mno. Waliambiana, tazama Baba anavyofurahi kujisikia. Wakaongeza sauti.

Jioni Spana aliisukuma treni bandani, akabana kufuli, akaenda kula.

Baada ya injini kuhema ikaja harufu. Haikuwa ya mzoga wala ya kuungua, maana hizo zina mahali pa kutafutwa. Ilikuwa harufu ya watu wengi waliokaa muda mrefu ndani ya chumba kisicho na dirisha: nguo mbichi, pumzi, nywele. Ilikaa kwenye behewa la mwisho. Mama Chiriku alilisugua kwa sabuni, akalianika juani vilango vikiwa wazi, na harufu ikabaki pale pale, ikimsubiri amalize. Siku moja mtoto wa mteja alifika kwenye behewa lile, akachungulia, akarudi nyuma akishika nguo ya mama yake. Alisema pamejaa. Mama yake alimwonyesha viti vyote vitupu, akamnyanyua ili amkalishe, na mtoto akalia kilio ambacho kiliwanyamazisha hata waliokuwa kwenye farasi.

Wateja wakaanza kupungua. Lakini hilo silo lililomnyima Mama Chiriku usingizi.

Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani. Mumewe alikufa binti yao angali anatambaa, na yule binti, kana kwamba aliamua kuijazia nyumba pengo la baba yake, alianza kuongea mapema na hakunyamaza tena. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea na farasi wa mbao, na kila mmoja alimpa jina na ugonjwa. Ndiyo maana akaitwa Chiriku. Kila alasiri akitoka shule alikuwa na kiti chake kwenye behewa la mwisho, akimhadithia yeyote aliyekaa karibu. Siku hizo hakuna aliyekaa karibu, na bado aliongea. Mama yake aliitazama treni ikiingia stesheni, akamwona Chiriku amejibana pembeni kabisa mwa benchi, nusu ya mwili nje.

"Unampisha nani wewe?" alimuuliza.

"Abiria," Chiriku alijibu, bila kuona ajabu. "Wamekaa siku nyingi, Mama. Wamechoka. Wananiuliza tutafika lini."

Mama alimshusha, akamvuta hadi nyuma ya dirisha la tiketi, akapiga magoti ili macho yao yawe sawa.

"Ukawajibu nini?"

"Nikawaambia, karibuni kwetu mpumzike. Kama mnashindwa kushuka hapa, shukieni kwangu." Alipoona uso wa mama umebadilika, akashusha sauti. "Si umenifundisha mgeni hakunjiwi uso?"

Alikuwa amemfundisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wimbo huo aliimbiwa na mzee akiwa mdogo, naye akamrithisha mwanawe. Alimpiga marufuku kupanda treni. Jioni ile ile walizima spika na kuifungia treni bandani. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Chiriku akanyamaza. Si kwa siku moja. Maneno yalipungua kama maji ya tangi linalovuja: kwanza akaacha kuhadithia, kisha akaacha kuuliza, kisha akawa anaitikia kwa kichwa, na mwisho hata kichwa akaacha kukitikisa. Alikaa wima, mikono magotini, macho mbele, kama mtu aliye safarini. Na akawa mzito. Mama yake alimnyanyua kumpeleka kuoga na kiuno kikamlia. Kesho yake ikabidi amwite Spana wasaidiane. Kitanda cha mtoto kilipinda katikati. Walimpeleka zahanati, na daktari alipompandisha kwenye mizani aliitazama, akaigonga kwa kidole, akasema imeharibika. Mtoto mwenyewe alikuwa mwembamba kuliko zamani. Mifupa ya mabega ilihesabika.

Alasiri moja alisinzia, na mama akalala ubavuni pake, mkono juu ya kifua chake, akiyahesabu mapigo ya moyo kwa woga wa mama ambaye hana mwingine, na katika ule ukimya wa jua kali ambao hata kunguru wanauheshimu alisikia mlio mdogo wa bawaba, kama kilango cha behewa kinachofunguliwa taratibu, nao haukutoka nje wala chini ya kitanda bali ulitoka chini ya kiganja chake, ndani ya kifua cha mtoto, kisha zikafuata hatua za mtu anayeshuka, halafu za mwingine, halafu za wengi, za viatu na za miguu mitupu, wakijikokota kwa uchovu na wakisukumana kwa upole, na sauti zao zikanong'ona kupitia midomo iliyokauka ya Chiriku, ya mwanamke, ya kizee, ya mtu asiye na meno, zote zikiuliza neno moja: hapa ndipo? hapa ndipo? hapa ndipo?

Mama Chiriku hakupiga kelele. Aliogopa akipiga kelele watashtuka na kuharakisha.

Mke wa Spana ndiye aliyemleta Bibi Miwani, mwanamke mnene mwenye miwani ya vioo vizito na mkoba wa ngozi, ambaye kazi yake ilikuwa kutoa majini, nayo aliifanya bila makeke, kama fundi bomba. Aliinama juu ya Chiriku barazani, akaweka sikio kifuani pake kama anayesikiliza mlangoni mwa watu. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka aliivua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na uchafu.

"Mimi huwa natoa mmoja mmoja," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa mmejaza stendi."

Aliwauliza habari yote tangu mwanzo nao wakamweleza, wakipokezana na kukatizana, treni, handaki, desturi za mzee, harufu, maneno ya mtoto. Walipofika kwenye kaseti, mzee alianza kukipiga kiti chake. Spana akamwambia Bibi asijali, Baba hufanya hivyo kwa furaha akikumbuka sauti yake. Bibi Miwani akakiendea kile kiti na kuchuchumaa mbele yake.

"Mzee, piga mara moja kama ndiyo. Uliahidiana na hao wa handakini?"

Kiganja kikapiga.

"Uwapandishe na uwashushe?"

Kiganja kikapiga.

"Na hawa wanao, tangu uanguke, wanapandisha tu?"

Mzee hakupiga tena. Aliwatazama wanawe, mmoja baada ya mwingine, akalia kimya kimya. Mama Chiriku alielewa wakati ule yale machozi ya kila safari yalikuwa ya nini, na jinsi walivyoyajibu kwa kuongeza sauti ya spika.

Bibi Miwani aliwaeleza bila kuzunguka. Hao hawakuwa wakorofi. Walikuwa na mkataba na mzee: wazunguke mchana, washushwe jioni, warudi kwao. Sasa waliitwa kila siku kwa sauti wanayoitii, wakapanda, na hakuna aliyewaruhusu kushuka. Kila siku wakaja wengine juu yao. Katika msongamano ule mtoto mmoja akawafungulia mlango, nao wanashukia huko huko. Wakimaliza kushuka, mwenye nyumba hatakuwa na mahali pa kukaa.

"Niwaambie mimi washuke," Mama Chiriku alisihi. "Mimi ni damu yake. Nitavua kofia, nitasema kama alivyosema."

"Hawakukujua wewe, mwanangu. Aliyepandisha ndiye ashushe."

Wote wakamgeukia mzee.

Walimfundisha kusema kama mtoto mchanga. Binti yake alikaa miguuni pake tangu asubuhi, akimwonyesha midomo inavyokaa, shu, shu, shukeni, naye mzee alijaribu mpaka mishipa ya shingo ikatuna na jasho likalowesha shati. Pumzi ilitoka. Mate yalitoka. Kuelekea jioni ikatoka sauti, nene na ya kukwaruza, haijawa neno bado, lakini sauti. Mama Chiriku alimkumbatia magoti. Alimwambia, Baba, neno moja tu, sikuombi lingine maisha yangu yote. Alikuwa ameanza kuamini. Mfa maji haachi kutapatapa, na aliyeona jani mkononi huliita gogo.

Jua lilipokuwa linazama, Spana aliitoa treni hadi stesheni. Nyaya za spika alizikata kwa koleo, akakiponda na kile kisanduku cha kaseti, ili pasiwe na makosa. Yeye na mkewe walimbeba Chiriku wakitweta, wakamkalisha kwenye behewa la mwisho, kwa kuwa Bibi Miwani alisema waliopanda humo sharti washukie humo. Mama yake alivifungua vilango vyote. Kiti cha mzee kikasukumwa hadi ukingoni mwa reli, na kofia yake ikawekwa mapajani.

Uwanja ulikuwa kimya. Farasi wa mbao walisimama na meno yao meupe. Kutoka handakini ile harufu ilikuja nzito kuliko siku zote, na kila mtu pale alijua, bila kuambiwa, kwamba wanasikilizwa.

Mzee akafumbua kinywa. Shavu zima likavuta, shavu lililokufa likabaki. Binti yake alitikisa midomo pamoja naye bila sauti, shu, shu, na alimwona akikusanya kila kilichobaki mwilini mwake, akafumba macho, akatetemeka hadi kiti kikalia, na ndipo ulimi ulipoamka ghafla na neno likatoka, zima, safi, kwa sauti ile ile ya siku za afya.

"Karibuni wote."

Bibi Miwani aliruka kumziba mzee mdomo, lakini maneno yalikuwa yameshika njia, yakatoka kati ya vidole vyake.

"Pandeni. Nafasi ipo."

Ugonjwa ulikuwa umemfutia maneno yote isipokuwa yale ambayo wanawe walimchezea kutwa nzima, kila siku, kwa spika. Mzee mwenyewe aliyasikia. Macho yake yalifumbuka kwa hofu, akatikisa kichwa, akajaribu kuyarudisha, na kila alipojaribu yakatoka yale yale, karibuni, pandeni, nafasi ipo, karibuni, huku akijipiga usoni kwa mkono wake mzima hadi Spana akamshika.

Springi za behewa la kwanza zikalala. Zikafuata za behewa la pili. Hakuna kilichoonekana kikipanda. Chuma tu kiliteremka, behewa moja baada ya jingine, taratibu, kama watu wenye adabu wanaopeana nafasi, mpaka likafikiwa la mwisho, na kifua cha Chiriku kikapanda juu na kubaki juu.

"Ondokeni hapa," Bibi Miwani alisema. Alikuwa tayari ameushika mkoba wake. "Mimi sina ninachoweza. Na asipande mtu, anayepanda kwa mwito huu hashuki."

Mama Chiriku alimsikia. Alisikia pia vilango vya mbele vikianza kujifunga, kimoja kimoja, tak, tak, vikija nyuma. Alimtazama mwanawe amekaa peke yake katikati ya umati asiouona mtu, mikono magotini, na alijua kwamba hawezi kurudi nyumbani kupanga nguo za mtoto huyu kabatini. Spana alimdaka bega. Alimwambia, Dada, nakuomba, Dada. Mama Chiriku aliutoa mkono wa mdogo wake bila hasira, akainama kama wainamavyo watu wazima kwenye behewa lile dogo, akaingia, akaketi, akamkumbatia binti yake. Kilango kikajifunga.

Mtoto alikuwa baridi, lakini alikuwa yeye. Chini ya ile harufu kulikuwa na harufu ya nywele zake. Treni ilianza kwenda na hakuna aliyekuwa kwenye injini. Stesheni ikasogea, uso wa baba yake ukasogea, mdomo wake bado ukikaribisha, na mbele handaki likafunguka jeusi.

Kichwa cha Chiriku kikageuka. Midomo iliyokauka ikaachana, na kwa mara ya kwanza tangu anyamaze alisema kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, iliyochoka.

"Mama, mbona na wewe umepanda? Sasa nani atatushusha?"